Mwanao Yuko Chuoni na Jiji Limechafuka: Mwongozo kwa Mzazi

Tangu Juni 2024, mzazi wa Kenya mwenye mtoto chuo kikuu anaisoma kalenda kwa jicho jingine. Mwaka huo Jumanne na Alhamisi ziligeuka kuwa siku za maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha. Juni 25 vijana waliingia Bungeni, risasi zikafyatuliwa, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada ule. Kufikia Julai 1, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu (KNCHR) ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa. Mwaka uliofuata, Juni 25 na Julai 7, 2025, tulirudi pale pale: seng'enge barabarani, maduka yamefungwa, watu wamekufa. Na uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja.

Mwongozo huu ni wa mzazi ambaye mtoto wake ana miaka 18 hadi 24, ana kitambulisho mfukoni, anaishi hosteli au chumba cha kupanga, na hawezi tena kufungiwa mlango. Sheria inamwita mtu mzima, ila kodi ya chumba bado unalipa wewe, na bado unajua anavyokohoa akiwa na homa. Mimi ni mama wa wawili walio chuoni, mmoja Juja na mwingine Eldoret. Mmoja huandamana, mwingine haendi, na wote wawili nawaheshimu. Ninayoyaandika ni yale tuliyoyafanya nyumbani kwangu, niliyoona majirani wakiyafanya, na niliyoyauliza kwa mawakili na wauguzi mpaka nikaelewa.

Ninalolitaka kwako ni moja: siku mambo yakiharibika, mtoto ampigie mzazi wake kwanza. Kila hatua hapa naipima kwa hilo. Jambo lolote litakalomfanya akufiche aliko, hata kama litakupa usingizi wa usiku mmoja, sikulipendekezi.

Hatua ya 1: Zungumzeni siku ambayo mji umetulia

Mazungumzo haya hayafanywi asubuhi ya maandamano, mtoto keshavaa raba. Yafanyeni amekuja nyumbani wikendi, mmekula, televisheni imezimwa. Mkiwa wazazi wawili, patananeni kwanza faraghani. Baba akisema "hutoki" huku mama anatuma nauli kimyakimya, mtoto hujifunza kupenya katikati yenu, na siku ya shida hajui ampigie nani.

Anza kwa kuuliza, kisha nyamaza. Muulize ni nini hasa kinachomkera. Utasikia mambo unayoyajua: pesa za mkopo wa serikali (HELB) zilizoingia muhula ukiyoyoma, karo iliyopanda chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, binamu aliyehitimu na bado hajapata kazi. Mswada wa 2024 ulipendekeza ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate. Hata wewe ulilalamika. Mwambie hivyo. Kijana akiona unaielewa hasira yake atakusikiliza utakapofika kwenye usalama. Akihisi unaitetea serikali ili tu abaki nyumbani, kikao kimeishia hapo.

Baada ya hapo mweleze hofu yako inatoka wapi, kwa majina na miaka. Wengi wetu tulilelewa na wazazi waliosema "siasa waachie wenyewe", na walikuwa na sababu. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Titus Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, alihukumiwa miaka 10 na akafia gerezani. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Mtoto aliyezaliwa 2004 hana kumbukumbu ya lolote kati ya hayo; anachoona ni mzazi mwoga. Msimulie ulikuwa mtaa gani, mlilala kwa nani, ni nani hakurudi. Msimulie kwa utulivu, bila kumaliza kwa "ndiyo maana huendi popote". Atajua mwenyewe la kufanya na habari hiyo.

Kuna maneno ambayo nakusihi usiyatamke. Baya kuliko yote ni "ukikamatwa usinipigie simu." Nimewasikia wazazi wakilisema kwa hasira, hawalimaanishi, lakini mtoto hulichukua kama lilivyo. Vitisho vya kumnyima karo au radhi navyo havimzuii kwenda. Vinamzuia kukuambia.

Mpe na sheria, maana vijana wengi wanaijua nusu. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inawataka waandalizi wawape polisi notisi siku 3 hadi 14 kabla, na shughuli ifanyike kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kwa hivyo kuandamana kwenyewe si kosa. Kurusha jiwe ni kosa, kubeba rungu ni kosa, kuingia duka lililovunjwa ni kosa hata ukitoka mikono mitupu. Mstari huo auone vizuri, na ajue kwamba kesi ikifika mahakamani inaweza kumwandama hadi siku anapoomba cheti cha maadili mema ili apate kazi.

Hatua ya 2: Akiamua kwenda, wekeaneni masharti

Nasema wekeaneni, kwa sababu na wewe una yako ya kutimiza.

Yeye haendi peke yake. Anakwenda na wenzake watatu au wanne wanaojuana kwa majina kamili, si kwa majina ya utani tu, kwa maana kituoni hakuna anayejua "Brayo wa Block C". Anajua njia mbili za kutoka eneo lile kabla ya kuingia. Hagusi mali ya mtu. Akiona maduka yanavunjwa au watu wenye rungu wanajipenyeza, anaondoka papo hapo bila kusubiri kuona itakuwaje. Juni 17, 2025 wahuni waliofika kwa pikipiki katikati ya Nairobi, wakiwa na mijeledi na rungu, waliwapiga waandamanaji mchana kweupe.

Saa ya kurudi ni muhimu kuliko saa ya kwenda. Sisi tuliweka saa tisa alasiri awe ameshatoka katikati ya jiji. Giza hubadilisha kila kitu: matatu hazipo, waliobaki barabarani ni wachache, na kamera za waandishi zimeondoka. Juni 25, 2024 milio ya risasi ilisikika Githurai usiku, saa nyingi baada ya watu kutoka Bungeni.

Sharti lako wewe ni kwamba akikupigia saa yoyote utachukua simu, na swali la kwanza litakuwa "uko wapi, uko salama?" Mengine yatangoja mpaka afike nyumbani. Litimize.

Hatua ya 3: Andaa karatasi moja

Fanya hili hata kama mtoto wako haendi maandamano kabisa. Mchuuzi wa barakoa aliyepigwa risasi kichwani Nairobi Juni 2025 alikuwa kazini kwake. Wiki chache baadaye, siku ya Saba Saba, msichana wa miaka 12 aliuawa na risasi akiwa ndani ya nyumba yao kaunti ya Kiambu. Shari haiulizi nani alikusudia kutoka.

Kwenye karatasi andika majina yake matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, na nambari ya kitambulisho. Ongeza nambari ya usajili ya chuo, kundi la damu ukilijua, pumu au mzio wowote, na dawa anazotumia. Andika jina la jumba na nambari ya chumba, nambari ya mlinzi au msimamizi wa jumba, nambari za marafiki wawili anaokaa nao, na ya mzazi wa angalau rafiki mmoja. Huyo mzazi mwenzako mtafute mapema, mjuane. Mkutano wenu wa kwanza usiwe nje ya kituo cha polisi.

Weka nakala kwako, nyingine kwa ndugu unayemwamini. Picha ya karibuni ya uso wake nayo iwe kwenye simu yako. Picha ya kuhitimu kidato cha nne haifai, nywele zimebadilika.

Yeye naye akariri nambari mbili kichwani, yako na ya mtu mwingine mzima. Watoto wetu hawajui nambari ya mtu yeyote, zote ziko kwenye simu, na simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa. Siku yenyewe aziandike kwa kalamu ya wino mkononi, juu kidogo ya kiwiko ambako jasho na maji havifuti haraka.

Hapa pia ndipo pa kuzungumzia mtandao. Desemba 2024 vijana kadhaa walitekwa baada ya kuchapisha picha za kumkejeli Rais, na kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 ambayo imetumiwa kuwashtaki watu kwa maandishi yao. Sikuambii umkataze kusema. Mwombe asionyeshe anakoishi, asichapishe nyuso za wenzake bila ridhaa yao, azime kitambulisha mahali kwenye picha, na simu yake ifunguke kwa nambari ya siri badala ya kidole. Kidole kinaweza kushikwa na kubandikwa kwa nguvu.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Asubuhi hakikisha ana chaji, muda wa kupiga simu, na nauli ya kurudi kwenye M-Pesa na nyingine taslimu. Avae viatu vilivyofungwa vizuri na suruali ndefu. Anayevaa lenzi za macho avae miwani badala yake, kwa sababu gesi ya kutoa machozi hujishika kwenye lenzi na kuumiza jicho. Mwenye pumu abebe kifaa chake cha kuvuta dawa, au bora asiende. Kwa hili mimi husimama imara. Abebe maji safi na kitambulisho, ale kabla ya kutoka.

Kubalianeni saa za ujumbe, kwa mfano saa sita na saa nane, neno moja tu: "niko sawa". Usimpigie kila dakika kumi. Simu inayolia mfululizo inamaliza chaji, na kama amejificha kwenye ngazi za jumba fulani inamfichua. Najua ni vigumu. Fua nguo, chambua mboga, kaa na jirani, lakini simu iache itulie.

Tegemea kwamba huenda usione kinachoendelea. Juni 25, 2024 intaneti ilizorota nchini. Mwaka uliofuata, tarehe hiyo hiyo, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo vya televisheni viache kutangaza maandamano moja kwa moja, na mitambo ya baadhi ya vituo ikazimwa mpaka mahakama ilipoingilia kati. Jirani zetu Tanzania walikaa siku kadhaa bila intaneti baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025. Kwa hivyo msitegemee WhatsApp peke yake. Ujumbe mfupi wa kawaida na simu ya kawaida mara nyingi hupita pale intaneti inapokwama.

Kuhusu gesi, mfundishe mapema: aondoke akielekea upepo unakotoka, asifikiche macho, ayaoshe kwa maji mengi safi. Maziwa na soda ambazo watu hushauriana mtandaoni aziache, maji yanatosha. Kopo lililotua chini lina moto, asilishike. Akifika chumbani avue nguo zote nje ya kitanda, aoge maji baridi kuanzia kichwani, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Na kwa yule aliyebaki hosteli: akae mbali na dirisha, asipande paa wala kutoka roshani kurekodi. Risasi zikisikika, alale chini nyuma ya ukuta.

Hatua ya 5: Simu haipatikani, au amekamatwa

"Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Mara nyingi ni chaji tu. Subiri nusu saa baada ya saa mliyokubaliana, halafu anza kazi kwa mpangilio: wapigie marafiki zake wawili, kisha msimamizi wa jumba, kisha mzazi mwenzako. Uliza ni nani alimwona mwisho, wapi, saa ngapi, amevaa nini. Andika majibu. Kumbukumbu ya mtu mwenye hofu haiaminiki baada ya saa mbili.

Ukisikia amekamatwa, usiende peke yako. Beba karatasi yako, kitambulisho chako, kalamu, maji na chakula. Anza na kituo kilicho karibu na mahali alipokamatwa, lakini ujue kwamba watu huhamishwa usiku kutoka kituo kimoja hadi kingine.

Nilimsindikiza jirani yangu kwenye kituo kimoja jijini kumtafuta kijana wake. Kaunta ya mbao, daftari la matukio limefunguliwa, afisa mmoja wa zamu na wazazi zaidi ya kumi wanaouliza kwa pamoja. "Huyo hayuko hapa, mama." Jirani hakubishana. Alisema, "Afande, naomba unisaidie kumtafuta kwa nambari ya kitambulisho," akaisoma polepole tarakimu moja moja. Kijana alikuwa seli ya nyuma. Jina lake la ukoo lilikuwa limeandikwa kwa herufi nyingine kabisa. Bila ile karatasi tungeondoka tukazunguke vituo vingine hadi asubuhi. Ndiyo maana nasisitiza nambari, na ndiyo maana unaomba kwa heshima uonyeshwe orodha uisome mwenyewe.

Ukishampata, uliza nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio, aliyoandikiwa, kosa analodaiwa, jina la afisa anayeishika kesi, na atapelekwa mahakama gani. Andika yote. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa mtoto wako haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa kwa nini amekamatwa, haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili, na haki ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia nje ya muda wa mahakama, ni siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kukaa ndani hadi Jumatatu, kwa hivyo Ijumaa fanya haraka.

Mwambie, kama unaruhusiwa kumwona, mambo matatu: ataje jina lake la kweli, asiandikishe wala kutia saini maelezo yoyote kabla ya wakili kufika, na asibishane na mtu ndani ya seli. Chakula ulichobeba huenda ukatakiwa kukionja mbele ya afisa. Kionje bila kununa.

Dhamana ya polisi haina malipo. Narudia, kwa sababu hapa ndipo wazazi hutolewa pesa. Mkuu wa kituo akitaka dhamana ya pesa taslimu, lipa kwa risiti tu. Pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha. Kiasi kinachoombwa kando, bila risiti, ili "tumalizane hapa", hakimlindi mtoto wako. Hakuna karatasi inayoonyesha aliachiliwa, na kesho anaweza kukamatwa kwa jambo lile lile.

Tafuta wakili mapema. Chama cha Mawakili cha Kenya huitwa na wengi LSK, na wanachama wake wengi walijitolea kuwawakilisha vijana bure 2024 na 2025. Hifadhi nambari za dawati lao kabla ya kuzihitaji. Asubuhi ya mahakama usingoje Mahakama ya Milimani peke yake: 2025 vijana kadhaa walipelekwa Mahakama ya Kahawa kwa mashtaka ya ugaidi huku jamaa zao wakiwatafuta kwingine. Gawaneni, mmoja hapa, mmoja pale, mkiwasiliana.

Vituo vyote vikisema hayuko, hospitali zinafuata: Kenyatta, Mbagathi, Mama Lucy, au ya rufaa iliyo karibu nanyi. Na hospitali nazo zikikosa jina lake, kuna mahali pengine ambapo lazima mtu aende kuangalia. Asiwe mama wala baba. Mtume mjomba au rafiki wa familia mwenye moyo mgumu, akiwa na picha.

Hatua ya 6: Akichukuliwa na watu wasio na sare

KNCHR ilihesabu visa 82 vya watu kutekwa kati ya Juni na Desemba 2024. Hapa mwenendo ni kinyume cha ule wa kituoni. Kituoni unakwenda polepole na kwa adabu. Hapa unapiga kelele tangu saa ya kwanza.

Piga ripoti kituo cha karibu na usiondoke bila nambari ya OB. Rudi pale alipochukuliwa ukaulize kamera za maduka na majumba, ukaombe nakala siku hiyo hiyo, kwa sababu mitambo mingi hufuta rekodi zake yenyewe baada ya muda. Andika nambari ya gari, rangi yake, idadi ya watu, walichosema. Wajulishe KNCHR, LSK na Amnesty International Kenya. Weka jina na picha yake hadharani, mwombe kila mtu asambaze. Wakili aende Mahakama Kuu na ombi la kutaka mtu huyo afikishwe mbele ya jaji akiwa hai, lile ambalo mawakili huliita habeas corpus; Kifungu cha 25 kinasema haki hiyo haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Kuna watu watakaokushauri unyamaze ili "wasimdhuru". Sikubaliani nao. Anayefuatiliwa na macho ya nchi nzima ni vigumu kumpoteza.

Hatua ya 7: Akiumia

Matibabu kwanza, karatasi baadaye. Jeraha linalovuja damu libanwe kwa kitambaa safi na mikono miwili, bila kuachia ili kuchungulia. Kilichozama mwilini kisichomolewe. Shirika la Msalaba Mwekundu linapatikana bila malipo kwa 1199. Hospitali ikitaka amana kwanza, taja Kifungu cha 43: hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Akishatulia, anza ushahidi. Omba nakala ya maandishi ya daktari. Piga picha majeraha kabla na baada ya kufungwa. Nguo zenye damu zikauke kivulini, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, wala usizifue. Ndani ya plastiki zinaoza. Risasi au kipande kilichotolewa mwilini, muulize daktari kimeandikwa wapi na kimekabidhiwa nani. Chukua fomu ya P3 polisi, ijazwe na daktari, na ukapeleke malalamiko kwa IPOA, mamlaka inayosimamia utendakazi wa polisi. Shirika la IMLU limewasaidia wengi kupata wataalamu wa kukagua majeraha, na hata uchunguzi huru wa maiti kwa familia zilizofiwa.

Hatua ya 8: Akirudi nyumbani

Mpe maji ya kuoga na chakula, mwache alale. Siku ya kwanza usimhoji.

Siku zinazofuata mwangalie bila kumkodolea. Kushtuka mlango ukigongwa, kukosa usingizi, kuacha kula, kukasirikia wadogo zake bila sababu, kutazama video zile zile usiku kucha: hayo ni ya kawaida wiki za mwanzo. Yakizidi mwezi, au akianza kusema hana haja ya kuishi, tafuta mshauri. Vyuo vingi vina ofisi ya ushauri kwa wanafunzi, na 1199 wanatoa ushauri wa simu. Ikiwa alimwona rafiki yake akifa, usingoje mwezi.

Baba mara nyingi hunyamaza kipindi hiki kwa kudhani kunyamaza ni kumpa nafasi. Kijana huenda akakusoma kwamba umemkasirikia. Keti naye hata bila neno, tazameni mpira.

Masomo nayo yana mambo yake. Mwandikie mkuu wa idara kueleza kutokuwepo kwake, kabla ya orodha ya mitihani kutoka. Chuo kikifungwa ghafla, ongea na mwenye nyumba kuhusu kodi na weka akiba ya nauli ya kutoka usiku. Akiitwa mbele ya kamati ya nidhamu, ana haki ya kupewa mashtaka kwa maandishi na kusikilizwa. Aende na barua hizo zikiwa zimeshasomwa na wakili.

Hatua ya 9: Ikiwa wewe uko mbali

Mama wengi wanaolipia watoto hawa karo wako Riyadh, Doha, Muscat, na wengine Marekani na Uingereza. Wanaona vurugu moja kwa moja kwenye TikTok saa ambayo hawawezi kutoka kazini. Kama ni wewe, teua mtu mmoja hapa nyumbani, shangazi au rafiki wa muda mrefu, na umjulishe mtoto kwamba huyo ndiye. Mtumie ile karatasi ya hatua ya 3. Mwandikie barua fupi yenye jina lako, nakala ya pasipoti yako na saini, ikisema anaweza kufuatilia mambo ya mwanao kituoni, hospitalini na chuoni. Kisheria mtoto ni mtu mzima na barua hiyo haimlazimishi afisa yeyote, lakini inapunguza maswali kwenye kaunta. Mtumie pia pesa kidogo za dharura zikae kwake, si kwa mtoto: za teksi, za dawa, za dhamana. Na mwajiri wako mwarifu mapema kwamba kuna siku ambazo simu yako lazima iwe karibu.